Sambourne House, London: iliwezekanaje nyumba ya familia ibaki na vitu vyake kwa zaidi ya miaka mia moja?

Mwalimu wa Mvita aliuliza:

Wanajukwaa, asalaam aleikum na habari za siku nyingi.

Ninafundisha historia katika shule ya sekondari, na mwezi ujao nitakuwa London kwa mafunzo. Nimejitengea alasiri moja ya kutembelea nyumba iliyoko Stafford Terrace, namba 18, katika eneo la Kensington, ambayo leo ni makumbusho na huitwa Sambourne House. Najua kwamba Edward Linley Sambourne, mchoraji wa katuni wa jarida la Punch, alihamia humo mwaka 1875 pamoja na mkewe Marion, mwaka mmoja baada ya kuoana, na kwamba walilea humo watoto wao wawili, Maud na Roy. Nasikia pia kwamba ni miongoni mwa nyumba chache sana ambamo mgeni anaweza kuyaona makazi ya familia ya tabaka la kati ya enzi ya Malkia Victoria yakiwa karibu kama wenyewe walivyoyaacha.

Hapo ndipo penye swali langu la kwanza. Nyumba nyingi za kihistoria nilizopata kuziona zina kuta za asili, lakini viti, vyombo na picha zimenunuliwa baadaye au zimeazimwa kutoka kwingine ili kujaza nafasi. Sambourne hakuwa mfalme wala waziri, bali mtu aliyeishi kwa mshahara wa jarida la kila wiki. Iliwezekanaje basi vitu vyake visiuzwe, visigawanywe kati ya warithi, wala visitupwe mtindo ulipopita? Na mgeni atajuaje kwamba anachokiona ni cha kweli?

Swali la pili linawahusu wanafunzi wangu moja kwa moja. Sambourne ndiye aliyechora ile katuni ya Cecil Rhodes akiwa amesimama juu ya bara la Afrika, mguu mmoja Misri na mwingine Rasi ya Tumaini Jema, ambayo vitabu vingi vya historia huichapisha katika sura ya kugawanywa kwa Afrika. Ningependa kujua namna ya kuwaunganishia vijana nyumba hiyo na mchoro huo, bila kuigeuza ziara kuwa hadithi ya fanicha nzuri peke yake, na bila kumzulia mwenye nyumba mambo ambayo hakuyasema. Nitashukuru kwa jibu la yeyote anayeifahamu nyumba hii au nyingine za aina yake.

Fundi Hifadhi alijibu:

Waaleikum salaam, Mwalimu, na karibu London. Kazi yangu ni kuhifadhi vitu vya kale katika makumbusho nyingine nchini Uingereza, si hiyo uliyoitaja, lakini nyumba hiyo naifahamu na naipenda, kwa hiyo uniwie radhi nikirefusha.

Nyumba haikuokolewa na sifa za mwenyewe. Iliokolewa na warithi ambao hawakugawana vitu, na pia na karatasi zilizobaki pamoja na vitu hivyo. Ili uone uzito wa jambo hili, tazama jirani yake, Leighton House, ambayo unaweza kuifikia kwa miguu kutoka Stafford Terrace. Frederic Leighton alikuwa mkubwa kuliko Sambourne kwa kila kipimo cha wakati ule: alikuwa rais wa Royal Academy, jumuiya kuu ya wasanii wa Uingereza, na mchoraji wa kwanza wa Uingereza kupewa cheo cha ulodi. Alifariki Januari 1896 bila mke wala mtoto, na mwaka huohuo vitu vya nyumbani kwake vikapigwa mnada Christie's. Kilichobaki ni kile kisichobebeka, hasa ule ukumbi wake maarufu wa Kiarabu wenye vigae vya Damascus vilivyoandikwa aya za Qur'ani, kwa kuwa vigae vilikuwa vimejengewa ukutani. Vyumba vingine ilibidi vijazwe upya taratibu kwa kazi ya miaka mingi. Mchoraji wa katuni, ambaye hakuwahi kuwa na cheo kama hicho, ameacha nyumba iliyojaa hadi pembeni.

Sababu ni mfuatano wa watu wa familia. Linley alifariki mwaka 1910 na Marion mwaka 1914. Roy, mtoto wa kiume, hakuoa. Aliendelea kukaa katika nyumba ya wazazi wake mpaka alipofariki mwaka 1946, na hakuwa mtu wa kupenda mabadiliko. Dada yake Maud alikuwa ameolewa tangu mwaka 1898 na Leonard Messel, mtu wa familia tajiri, kwa hiyo hakuwa na haja ya kuiuza nyumba ya baba yake ili apate fedha. Hilo ni jambo kubwa, kwa maana nyumba nyingi huvunjika pale mrithi mmoja anapohitaji fungu lake mkononi. Tena tazama namna mambo yanavyopinduka: nyumba ya kifahari ya Maud huko Nymans, Sussex, iliungua moto mwaka 1947 ikapoteza mengi, ilhali ile nyumba nyembamba ya mjini, iliyokuwa katika jiji lililopigwa mabomu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ilibaki salama.

Baada ya Maud kufariki mwaka 1960, nyumba ilikuwa mikononi mwa binti yake Anne, Countess wa Rosse, na kwa maoni yangu huyu ndiye anayestahili shukrani kuliko wote. Katika miaka ya 1950 vitu vya enzi ya Victoria vilidharauliwa kupita kiasi. Watu wenye elimu waliviona kuwa vizito, vyeusi na visivyo na ladha, na majengo ya wakati huo yalikuwa yakibomolewa kila mwaka. Novemba 1957, mama yake akiwa bado hai, Anne aliwaalika rafiki zake katika nyumba hiyohiyo ya babu yake, miongoni mwao mshairi John Betjeman na mwanahistoria wa majengo Nikolaus Pevsner, wakajadili namna ya kuyatetea majengo hayo. Kutokana na kikao hicho ikazaliwa Victorian Society, iliyoanzishwa rasmi mwaka 1958 na ipo hadi leo. Hawakushinda kila pambano. Lango kubwa la mawe la kituo cha reli cha Euston lilibomolewa kati ya 1961 na 1962 licha ya juhudi zao. Lakini wazo kwamba nyumba ya aina hii inafaa kutunzwa lilipata watu wa kulisemea, na lilisemwa kwanza sebuleni kwa Sambourne. (Kwa kuwa wanafunzi hupenda habari za wafalme, waambie kwamba mwana wa Anne, mpiga picha Antony Armstrong-Jones, ndiye aliyemwoa Princess Margaret mwaka 1960.)

Mwaka 1980 familia iliiuza nyumba pamoja na vilivyomo kwa Greater London Council, baraza lililosimamia jiji zima wakati huo, na Victorian Society ikaiendesha kama makumbusho. Baraza hilo lilivunjwa mwaka 1986, na tangu 1989 nyumba iko chini ya Royal Borough of Kensington and Chelsea, wanaomiliki pia Leighton House.

Sasa, kuhusu ukweli wa vitu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na familia hii ilikuwa na daftari kwa maana halisi ya neno. Mwaka 1877, miaka miwili tu baada ya kuhamia, iliandikwa orodha ya vilivyokuwamo, chumba kwa chumba. Tena Marion aliandika shajara kuanzia 1881 hadi mwaka wa kifo chake, 1914: nani alikuja kula, hali ya hewa, nani anaumwa, mtumishi yupi ameondoka na yupi amekuja. Mumewe naye alipiga maelfu ya picha, na baadhi zinaonyesha vyumba na watu wake. Kwa hiyo mhifadhi akitaka kujua kama kiti fulani kilikuwapo, halazimiki kukisia kutokana na mtindo wa miguu yake, bali anafungua karatasi. Nimefanya kazi katika nyumba ambazo zina vitu vizuri lakini hazina hata ukurasa mmoja wa maandishi, na nakuhakikishia kwamba tofauti ni kubwa mno.

Lakini usitarajie kuiona siku moja ya mwaka 1875 iliyogandishwa. Kuta zilibandikwa kwanza karatasi zenye maua na matunda za William Morris, mbunifu mashuhuri wa wakati huo, kisha miaka michache baadaye sehemu kubwa zikafunikwa kwa karatasi nzito za mtindo wa Kijapani, zilizopigwa chapa na kupakwa rangi ya dhahabu zifanane na ngozi. Vizazi vilivyofuata navyo vilibadilisha hapa na pale, hasa vyumba vya kulala. Unachokiona ni maisha ya watu juu ya maisha ya watu, na mimi naona hiyo ndiyo thamani yake.

Msomaji wa Uvira alijibu:

Mwalimu, naomba nijibu swali lako la pili, kwa sababu nadhani umetaja mchoro mmoja tu kati ya miwili ambayo wanafunzi wako wanapaswa kuiona pamoja.

Ule wa Rhodes ulichapishwa katika Punch tarehe 10 Desemba 1892, Rhodes alipotangaza mpango wake wa kuvuta waya wa simu ya maandishi kutoka Rasi hadi Cairo. Sambourne aliuchezea usemi wa kale kuhusu sanamu kubwa ya kisiwa cha Rhodes huko Ugiriki, iliyosemwa kuwa ilisimama ikikanyaga pande mbili za bandari, akamchora mtu huyo akiwa ameinyosha mikono yote miwili na kuushika waya, bunduki ikining'inia begani, kofia mkononi, na buti zake zikikanyaga ncha mbili za bara. Waulize wanafunzi wako ni nini kilichopo katikati ya miguu hiyo. Ni sisi. Wakati mchoro unatoka, Zanzibar ilikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza kwa miaka miwili, na huko London kulikuwa na mjadala mkali iwapo Uingereza iiache Uganda au ibaki. Nchi ambayo leo ni Tanzania bara ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, na ndiyo iliyouziba mpango huo mpaka baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwenye mchoro hakuna hata moja kati ya hayo. Bara ni tupu, halina mto, mji wala mtu. Utupu huo ndio jambo la kwanza ninalolitaja kila ninapozungumza na vijana kuhusu picha hii, kabla hata ya kumtaja Rhodes.

Mchoro wa pili ulitoka miaka kumi na minne baadaye, tarehe 28 Novemba 1906. Unamwonyesha Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji akiwa na mwili wa nyoka wa mpira, amemzingira mwanamume Mkongomani na kumkaza, huku nyuma mwanamke aliyebeba mtoto akikimbia. Ni mkono uleule wa Sambourne. Ulichapishwa wakati ambapo malalamiko dhidi ya utawala wa Leopold, uliowalazimisha watu kwa mateso kuleta mpira kutoka msituni, yalikuwa yamepamba moto Uingereza, na mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachia nchi hiyo iwe koloni la serikali ya Ubelgiji. Kwetu sisi mchoro huu ni mzito. Hapa Mwafrika ana uso, ana maumivu, na anayemtesa ametajwa kwa sura yake. Hata hivyo sitaki wanafunzi wadhani kwamba mchoraji alikuwa amebadilika akawa mtetezi wetu. Kumshutumu mfalme wa Ubelgiji katika jarida la London hakukuwa na gharama kubwa, ilhali katuni ya kuishutumu Uingereza kwa yaliyotendeka katika makoloni yake yenyewe ilikuwa jambo jingine.

Tena mada za katuni hizo hazikuwa uamuzi wa Sambourne peke yake. Wahariri na wachoraji wa Punch walikula pamoja kila Jumatano jioni, na mezani hapo ndipo katuni kuu ya juma ilipojadiliwa na kukubaliwa. Mchoraji alirudi nyumbani na wazo lililokwisha kupitishwa, akawa na siku mbili hivi za kulitia kwenye karatasi. Kwa hiyo unapowauliza wanafunzi "nani anasema?", jibu la haki ni kwamba meza nzima ya wanaume wa tabaka fulani wa London inasema, na mkono wa mtu mmoja unachora.

Mwalimu wa Mvita aliandika:

Nawashukuru nyote wawili kwa moyo wote. Habari ya Leighton House imenifungua macho, na ule mchoro wa Leopold nitaufundisha bega kwa bega na wa Rhodes kuanzia muhula ujao.

Nina jambo moja linalonikera katika kusoma kwangu, na ningependa mlizungumzie. Kila maelezo ninayoyapata kuhusu nyumba hii yanamsifu Linley kwa jicho lake na Marion kwa shajara yake. Lakini familia ya watu wanne haikuwasha meko yake yenyewe, wala haikujifulia shuka. Je, watumishi wanaonekana mahali popote katika nyumba hiyo, au ziara nzima inakwenda kana kwamba sahani za buluu na nyeupe zilijipangusa zenyewe?

Mkaazi wa Glasgow alijibu:

Mwalimu, swali hilo limenigusa. Nilifanya kazi za ndani katika nyumba za watu kwa miaka mingi kabla sijapata kazi nyingine, na kila ninapoingia katika nyumba ya makumbusho hutazama ngazi kwanza. Nyumba za London za aina ya Stafford Terrace zimejengwa kwenda juu, ghorofa juu ya ghorofa, na jiko liko chini kabisa, chini ya usawa wa barabara. Vyumba vilipashwa joto kwa makaa ya mawe yaliyowaka kwenye meko. Maana yake ni kwamba kila ndoo ya makaa ilipandishwa, kila ndoo ya majivu ikateremshwa, na chakula kikasafiri kutoka jikoni hadi mezani mikononi mwa mtu. Na usiku yuleyule aliyeanza kazi chini kabisa alfajiri alipanda hadi chumba kidogo cha juu kabisa kulala. Katika sensa za mwishoni mwa karne ya 19, wanawake watumishi wa ndani nchini Uingereza na Wales walikuwa zaidi ya milioni moja. Familia ya Sambourne, ambayo kwa vipimo vya Kensington haikuwa tajiri, ilikuwa na mpishi, wajakazi, yaya watoto walipokuwa wadogo, na mtunza farasi.

Wanaonekana? Ndiyo, lakini inabidi ujue pa kuangalia. Shajara ya Marion imewataja mara nyingi, ingawa kwa jicho la mwajiri: nani ameudhi, nani ameomba kuondoka, nani anastahili kuaminiwa. Zaidi ya hapo wamo katika picha. Sambourne hakuwa na muda wa kuajiri watu wa kumkalia siku nzima, kwa hiyo aliwavalisha mavazi ya kuigiza watu wa nyumbani kwake, wakiwamo watumishi, akawasimamisha katika pozi aliyoitaka na kuwapiga picha, kisha akachora kutokana na picha hizo. Mtunza farasi aliitwa kutoka kazini akasimama kama askari au mfalme. Waambie wanafunzi wako jambo hili, kwa sababu ndiyo njia halali kabisa ya kuwaingiza watumishi katika habari ya zile katuni: jarida lililosomwa na mawaziri lilikuwa na miili ya wafanyakazi wa ndani chini ya mavazi ya wakubwa, na huenda wasomaji wengi hawakujua.

Ukipata nafasi ya kufika Scotland, nenda Tenement House hapa Glasgow, mtaa wa Buccleuch. Ni nyumba ya vyumba vinne katika jengo la ghorofa la mwaka 1892, alimoishi Agnes Toward, mpiga chapa, kwanza na mama yake na baadaye peke yake, tangu 1911 hadi alipolazwa hospitalini mwaka 1965. Hakutupa kitu. Kuna risiti, barua, chupa za dawa, mitungi ya jamu, na kitanda cha kujificha ukutani jikoni. National Trust for Scotland waliichukua mwaka 1982, na taa zake bado ni za gesi. Niliposimama jikoni humo niliielewa nyumba ya Kensington vizuri zaidi, kwa sababu hapa anayepika, anayefua na mwenye nyumba ni mtu mmoja, na kila kitu kimewekwa mahali ambapo mkono wake unafika.

Msomaji wa Uvira aliongeza:

Nakubaliana kabisa na ndugu yetu wa Glasgow, ila naomba tusiwasahau wafanyakazi wengine ambao hawakuwahi kuiona Kensington. Katika nyumba za Uingereza za namna hii vipini vya visu, vitana na vibao vya piano vilitengenezwa kwa pembe za ndovu, na Zanzibar ilikuwa bandari kuu ya pembe katika Afrika Mashariki kwa sehemu kubwa ya karne hiyo. Pembe hizo zilifika pwani zikiwa zimebebwa mabegani mwa wapagazi, wengine wa kulipwa na wengine watumwa, baadhi yao wakitokea huku kwetu upande wa magharibi wa Ziwa Tanganyika. Sidai kwamba kipini fulani katika nyumba ya Sambourne kinatoka Manyema, mashariki mwa Kongo. Nasema tu kwamba mwalimu wa historia kutoka Mombasa ana haki ya kuuliza, mbele ya meza yoyote iliyoandaliwa ya enzi ya Victoria, kila kitu kimetoka wapi na kilibebwa na nani.

Fundi Hifadhi alijibu tena:

Mwalimu, hoja ya watumishi ni ya haki, na ni kweli kwamba kwa miaka mingi makumbusho za nyumba zilikuwa zikimwonyesha mgeni sebule na kumfungia mlango wa jikoni. Hali imeanza kubadilika, katika nyumba hii na nyingine nyingi, na ukifika ombi langu ni kwamba uulize waziwazi habari za jiko na vyumba vya juu. Waongozaji wa ziara hufurahi wakipata mgeni mwenye swali la kweli.

Kwa kuwa una alasiri moja tu, nitakueleza vitu vichache ambavyo ningevitazama mimi.

Utakapoingia sebuleni, ghorofa ya kwanza, chumba kinachoenea kutoka mbele hadi nyuma ya nyumba, macho yatataka kukimbilia kila mahali kwa pamoja, maana kuta zimejaa picha kuanzia chini hadi karibu na dari. Jizuie, uchague ukuta mmoja. Utaona kwamba picha nyingi si za thamani kubwa: ni chapa na picha za kamera za michoro ya watu wengine, zimewekwa katika fremu kwa uangalifu na kubanana kama shanga. Hapo ndipo utakapomwona mtu mwenye jicho la tajiri na mfuko wa mfanyakazi. Viti navyo ni mchanganyiko, vingine vya zamani kweli, vingine vimetengenezwa kwa kuiga vya zamani. Tabaka lake lilitaka kuonekana lina ladha, na yeye aliweza kuitosheleza tamaa hiyo bila kufilisika, kwa kununua kidogo kidogo.

Katika chumba hichohicho ndimo alimochorea kwa miaka mingi, akiwa kwenye kona yenye mwanga wa dirisha, familia na wageni wakipita. Baadaye, watoto walipokuwa wamekua, alihamishia meza yake ghorofa ya juu kabisa, katika chumba kilichokuwa cha watoto. Kwa hiyo ukiwa na nakala za ile michoro miwili mkononi, unaweza kumsoma Rhodes wa 1892 sebuleni na Leopold wa 1906 kule juu. Sijui njia bora zaidi ya kuunganisha nyumba na Afrika kuliko hiyo.

Usipite bafu bila kuangalia. Kuna beseni la kuogea la marumaru ambalo Sambourne alilitumia kusafishia picha zake. Mbinu aliyoipenda kwa kazi ya haraka ni ile inayotoa picha za rangi ya buluu, ambayo haihitaji fedha nyingi: karatasi iliyopakwa chumvi za chuma huwekwa juani chini ya negativu, kisha huoshwa kwa maji tu. Kwa mtu aliyehitaji picha ya mkono, ya buti au ya farasi kabla ya Ijumaa, hiyo ilikuwa njia rahisi na nafuu. Picha hizo alizipanga kwa mada, ili siku akihitaji buti asizitafute.

Utagundua pia kwamba nyumba ina giza. Wageni wengine hulalamika, lakini giza hilo lina sababu mbili. Ya kwanza ni ya wakati wenyewe: rangi nzito, mapazia mazito, na vioo vya rangi kwenye madirisha. Ya pili ni sisi wahifadhi. Mwanga hula karatasi, hariri na rangi za maji, na madhara yake hujilimbikiza bila kurudi nyuma. Rangi iliyopauka haipumzishwi ikapona. Kwa vitu dhaifu vya aina hiyo tunajitahidi mwanga usizidi laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga), wakati dirisha lililo wazi mchana huingiza mwanga mara nyingi zaidi ya huo. Ndiyo maana mapazia huteremshwa. Adui mwingine ni nondo wa nguo, ambaye viwavi wake hutafuna sufu, manyoya na hariri, na nyumba iliyojaa mazulia na viti vya kitambaa ni karamu kwake. Tatu ni vumbi linaloletwa na sisi wenyewe katika nguo na viatu, na katika vyumba vyembamba hivi mkoba wa mgongoni mwa mgeni mmoja unaweza kuangusha chombo ambacho familia ya Sambourne, Roy, Maud na Anne walikipita bila kukigusa kwa miaka zaidi ya mia moja. Kwa hiyo usishangae ukiambiwa uuache mkoba mlangoni.

Kuhusu ratiba, angalia siku na saa za kufunguliwa kabla ya kusafiri, kwa kuwa nyumba ndogo za aina hii hazifunguliwi kila siku na huenda ukahitaji kuweka nafasi mapema. Anza na Stafford Terrace, kisha utembee hadi Leighton House saa zilizobaki. Ukifuata utaratibu huo, vyumba vya Leighton utaviona ukiwa tayari unajua nyumba hupoteza nini vitu vyake vikipigwa mnada.

Mwalimu wa Mvita aliandika:

Nimeyanakili yote katika daftari langu. Nitachapisha nakala mbili za kila mchoro, moja ya kuisoma ndani ya nyumba na nyingine ya kuwarudishia wanafunzi ikiwa na maelezo ya chumba ambamo ilichorwa, na nitauliza habari za jiko kabla ya kitu kingine chochote. Nikirudi nitaandika hapahapa nilichojibiwa.